Karatasi Inasema «Positif»: Maana ya Kipimo cha Damu Kiitwacho A.A.N.



Kitabu hiki kidogo ni kwa ajili yenu watu wa Kasulo na wa mitaa mingine ya Kolwezi: ninyi mnaochimba, ninyi mnaoponda na kuosha mawe, na ninyi mnaokaa karibu na mashimo. Kinaeleza juu ya magonjwa ambayo hayaletwi na mbu, wala na maji machafu, wala na mtu mwenye chuki. Yanaletwa na nguvu ya mwili wenyewe, ile nguvu ya kujilinda, inapokosea njia. Kinaeleza pia juu ya kipimo kimoja cha damu ambacho watu wanakiogopa kwa sababu hawajaelezwa maana yake.

Soma polepole. Kama jirani yako hajui kusoma, msomee.

1. Mama na karatasi yake

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana miaka 34 na watoto wanne. Bwana wake anachimba. Yeye mwenyewe anaponda mawe katika lupango, anayachagua, anayaosha, na kuyatia katika mifuko ili yapelekwe depo.

Mwaka mmoja umepita tangu vidole vyake vilipoanza kumsumbua. Asubuhi za baridi, miezi ya Juni na Julai, vidole vinakufa ganzi, vinapauka kama vimepakwa majivu, halafu vinakuwa vyeusi na kuuma. Baadaye ngozi ya vidole ikakaza, pete ya ndoa haitoki tena. Anachoka bila sababu. Akipanda kilima kidogo tu, pumzi inakatika. Ametibiwa malaria mara tatu bila kupimwa damu. Mama mkwe anasema ni bulozi. Mfumu alikula kuku wawili na pesa, vidole vikabaki vilevile.

Mwishowe mtu mmoja akawaambia waende kupima damu mbali. Wakauza baiskeli. Karatasi ikarudi imeandikwa: «A.A.N.: positif, 1/640».

Mama akaiona ile neno positif, moyo ukaanguka. Akaificha karatasi chini ya godoro majuma matatu. Siku bwana wake alipoipata, alichukua shati lake akaenda kulala kwa ndugu yake. Ndipo mama akaja hospitali, peke yake.

— Munganga, miye nishakufa. Hapa banaandika positif.

— Nani alikuambia unakufa, mama?

— Karatasi njo inasema. Na bwana yangu alikimbia. Anasema nilipata SIDA ku njia.

— Mama, sikia muzuri. Hii positif haiko ya SIDA. Iko kipimo ingine kabisa.

Tumeanza na habari hii kwa sababu neno moja tu, lisiloelezwa, liliweza kuvunja nyumba. Neno «positif» maana yake ni hii tu: kile kilichotafutwa katika damu kimeonekana. Kwa hiyo swali la kwanza ni kuuliza: walitafuta nini?

2. Mwili una walinzi

Mwili wako umejengwa na vyumba vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vinaitwa seli. Ndani ya kila seli, karibu zote, kuna kitu cha mviringo kiitwacho kiini. Kiini ndicho kinachotunza maagizo yote ya mwili: rangi ya macho, urefu wa mtu, kazi ya damu na ya ini.

Katika damu kuna walinzi. Kazi yao ni kutafuta vijidudu vya magonjwa na kuviua. Walinzi hao wana silaha nyingi, na mojawapo inaitwa kingamwili. Kingamwili ni kitu kidogo kinachoshika adui fulani tu, kama ufunguo unaoingia katika kufuli moja tu. Ile ya surua inashika surua. Ile ya pepopunda inashika pepopunda. Hivyo ndivyo chanjo zinavyofanya kazi: zinafundisha walinzi kumjua adui kabla hajafika.

Lakini fikiri juu ya mlinzi wa usiku, yule tunayemwita zamu. Kazi yake ni kumpiga mwizi. Siku moja mwenye nyumba anarudi usiku, zamu hamtambui, anampiga fimbo. Fimbo ni nzuri, mkono una nguvu, bali aliyepigwa siye.

Mwili nao unaweza kukosea hivyo. Walinzi wanaanza kutengeneza kingamwili za kushika vitu vya mwili wenyewe. Zile zinazoshika vitu vya ndani ya kiini zinaitwa kingamwili dhidi ya viini. Katika karatasi za Kifaransa zinaandikwa A.A.N.; katika karatasi za Kiingereza, A.N.A. Ni kitu kimoja.

3. Kwa nini walinzi wanakosea?

Kwa kawaida kiini kimefichwa ndani ya seli, na walinzi hawakioni. Lakini kila siku seli nyingi zinakufa na nyingine kuzaliwa. Zile zilizokufa zinapaswa kuondolewa upesi, kama maiti anavyozikwa upesi. Mwili una seli za usafi zinazomeza mabaki hayo. Kama usafi unachelewa, vipande vya viini vinabaki wazi, walinzi wanaviona, wanadhani ni vya mgeni, na vita inaanza.

Mambo yanayosaidia kosa hilo ni mengi, na mara nyingi yanakutana mawili au matatu:

— Asili ya ukoo. Mtu anaweza kuzaliwa na walinzi wepesi kukosea. Si laana, ni urithi kama urefu au kipara.

— Mwili wa kike. Ugonjwa uitwao lupusi unashika wanawake hasa: kati ya wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake, na wengi wako katika miaka ya kuzaa.

— Jua kali. Linaua seli za ngozi, na kwa wagonjwa wa lupusi linaamsha ugonjwa.

— Magonjwa ya vijidudu, na dawa fulani.

— Vumbi la mawe. Hili ndilo linalotugusa sisi, na tutalieleza peke yake.

4. Vumbi la mawe

Mnajua wenyewe habari za Kasulo. Mwaka wa 2014 mtu alichimba katika lupango lake akakuta mawe ya kobalti. Muda haukupita, watu wakachimba nyuma ya jikoni, katika chumba cha kulala, kando ya njia. Mwaka wa 2017 watu wa sehemu moja ya mtaa walihamishwa kwa agizo la serikali ya jimbo, na machimbo yakazungushiwa ukuta. Lakini vumbi halijui ukuta.

Mwaka wa 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven katika Ubelgiji walitangaza waliyoyaona Kasulo. Walipima damu, mkojo na vumbi la nyumbani. Watoto wa mtaa wenye mashimo walikuwa na kobalti katika mkojo kiasi cha mara 10 kupita watoto wanaokaa mbali na machimbo. Watafiti hao walipima madini, A.A.N. hawakuipima. Lakini walionyesha jambo moja wazi: vumbi linaingia katika miili ya watu ambao hawajashuka shimoni hata siku moja.

Sasa, mawe yetu ya shaba na kobalti yamelala pamoja na mawe mengine, na kati yao yapo magumu yenye silika nyingi. Silika ndiyo inayofanya mchanga, na ndiyo inayotengenezwa kioo. Ukipiga nyundo juu ya jiwe kavu, silika inaruka angani. Vumbi kubwa unaliona, unalitema. Lile dogo kabisa hulioni, nalo ndilo linalofika chini ya mapafu.

Huko chini seli za usafi zinalimeza. Lakini jiwe haliyeyuki. Linaua seli iliyolimeza, nayo inapasuka na kumwaga yaliyo ndani yake. Seli nyingine inakuja kusafisha, inameza jiwe lilelile, inakufa nayo. Mmeona shimo likianguka. Mmoja anafunikwa, ndugu yake anaruka ndani kumwokoa, udongo unamfunika naye, halafu wa tatu. Ndivyo inavyokuwa katika pafu, siku kwa siku, miaka hata baada ya mtu kuacha kuchimba. Pafu linakuwa na makovu. Huo ndio ugonjwa uitwao silikosi. Na mabaki ya seli hizo, pamoja na viini vyake, yanabaki mbele ya macho ya walinzi.

Jambo hili halikuanza leo wala hapa. Mwaka wa 1914 daktari Byrom Bramwell wa Edinburgh aliandika juu ya wachonga mawe ambao ngozi yao ilikakamaa. Mwaka wa 1957 daktari Erasmus aliandika juu ya ugonjwa uleule kati ya wachimba dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini. Ugonjwa huo unaitwa sklerodamia, yaani ngozi kukaza, nao kwa kawaida unashika wanawake zaidi; lakini kati ya watu wa vumbi unashika wanaume pia. Tangu wakati huo imeonekana katika nchi nyingi kwamba watu waliovuta vumbi la silika miaka mingi wanapata sklerodamia, lupusi na baridi yabisi ya viungo kupita watu wengine.

Je, kila mchimbaji atapata? Hapana. Wengi hawapati. Lakini mwenye kuvuta vumbi anajiongezea hatari, kama mtu anayevuka barabara kubwa kila siku amefumba macho.

5. Kipimo kinafanywa namna gani?

Mwaka wa 1948, katika kliniki ya Mayo huko Marekani, daktari Malcolm Hargraves na wenzake waliona jambo la ajabu chini ya hadubini: seli ya mgonjwa wa lupusi iliyokuwa imemeza kiini cha seli nyingine. Hapo watu wakaanza kuelewa kwamba katika damu ya wagonjwa hao kuna kitu kinachoshika viini. Mwaka wa 1957 daktari George Friou alionyesha njia ya kukiona kwa rangi inayong'aa, na njia hiyo bado inatumika mpaka leo.

Wanachukua damu kidogo katika mshipa wa mkono. Wanatenga maji yake na chembe nyekundu. Maji hayo wanayaongeza maji mengine, kisha wanayamwaga juu ya kioo chenye seli. Kama kingamwili ziko, zinang'ang'ania viini. Wanatia dawa yenye rangi, na chini ya hadubini ya namna yake viini vinang'aa kijani.

Halafu wanaendelea kuongeza maji mpaka mng'ao upotee. Hapo ndipo inatoka ile namba. 1/80 maana yake sehemu moja katika sehemu 80, na bado inaonekana. 1/640 ni maji mengi zaidi, na bado inaonekana, basi kingamwili ni nyingi. Ni kama chumvi: ukitia maji sufuria nzima na bado unaonja chumvi, ujue ilikuwa nyingi.

Si kila maabara inaweza kufanya kazi hii. Huenda damu ikapelekwa Lubumbashi, safari ya kilomita 300 hivi, na gharama si ndogo. Kwa hiyo usiuze kitu cha nyumba kwa kipimo ambacho daktari hakukiomba.

6. Positif si hukumu

Hapa tunaomba usome mara mbili.

Watu wengi wazima kabisa wana A.A.N. katika damu. Mwaka wa 1997 yalitolewa matokeo ya maabara 15 zilizopima watu wasio na ugonjwa. Kati ya watu wazima 100:

— karibu 30 walikuwa positif kwa 1/40;
— karibu 13 kwa 1/80;
— karibu 5 kwa 1/160.

Watu hao walikuwa wanakula, wanafanya kazi, wanalala vizuri. Tena, malaria, kifua kikuu, SIDA na ugonjwa wa ini vinaweza kuleta A.A.N. Dawa nazo zinaweza: isoniazidi ya kifua kikuu, na hidralazini ya shinikizo la damu. (Angalia! Usiache dawa za kifua kikuu kwa sababu ya maneno haya. Kifua kikuu kinaua. Muulize daktari kwanza.) Katika nchi yenye malaria nyingi kama yetu, karatasi ya positif peke yake inasema kidogo sana.

Upande wa pili: kati ya wagonjwa 100 wa lupusi, zaidi ya 95 ni positif. Kwa hiyo kama karatasi inasema «négatif», lupusi inakuwa ngumu kuiamini, na daktari anatafuta sababu nyingine. Ndiyo faida kubwa ya kipimo hiki: mara nyingi kinafunga mlango kuliko kuufungua.

Je, mtu mwenye positif lakini hana dalili, ataugua baadaye? Wengi hawataugua. Lakini tusidanganyane: kingamwili zinaweza kutangulia ugonjwa. Mwaka wa 2003 yalitolewa matokeo juu ya askari wa Marekani ambao damu yao ilikuwa imetunzwa kabla hawajaugua. Kati ya wagonjwa 130 wa lupusi, 115 walikuwa na kingamwili za namna hii mapema, wengine miaka mingi kabla. Basi mwenye positif asiye na dalili hapewi dawa. Anajua dalili, na anarudi zikitokea. Wala hana haja ya kurudia kipimo kila mwezi.

Mambo mengine matatu. Kingamwili hizi haziambukizi: si kwa ndoa, si kwa sahani moja, si kwa jasho. Si alama ya uzinzi. Na si alama ya bulozi ya mtu yeyote. Bibi kizee wa jirani hana neno.

7. Mwili useme kwanza

Karatasi bila mwili ni kama shahidi mmoja asiyeona vizuri. Kwanza mwili useme, ndipo karatasi iitwe. Njoo hospitali ukiona dalili hizi, hasa zikiwa mbili au zaidi, na zikidumu kupita majuma sita:

1. Vidole vinakufa ganzi na kubadili rangi kwa baridi. Katika ngozi nyeusi rangi haionekani sana. Angalia kucha na viganja.
2. Ngozi ya vidole au ya uso inakaza, mdomo haufunguki vizuri.
3. Viungo vinavimba na kukakamaa asubuhi.
4. Alama usoni, mashavuni na juu ya pua, zinazozidi juani. Vitabu vya Ulaya vinasema ni nyekundu. Kwetu zinaonekana nyeusi au za rangi ya zambarau.
5. Nywele zinaanguka, vidonda mdomoni visivyouma.
6. Homa isiyokwisha, wakati kipimo cha malaria hakina kitu.
7. Pumzi fupi, kikohozi kikavu, chakula kinakwama kifuani.
8. Mama anayepoteza mimba mara kwa mara.

Dalili hizi usingoje hata siku moja: miguu na uso kuvimba, mkojo wenye povu au damu, kichwa kuuma sana pamoja na macho kufifia. Hapo figo ziko hatarini. Katika lupusi, kingamwili zikiungana na vipande vya viini zinafanya matonge madogo, nayo yanaziba chujio za figo kama takataka zinavyoziba mfereji.

Ukija, tutaanza na vipimo vya bei ndogo: shinikizo la damu, mkojo, wingi wa damu, malaria, makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, na kipimo cha SIDA. Usikasirike tukipima kifua kikuu hata kama hukohoi sana. Mapafu yenye silika yanashikwa na kifua kikuu kwa urahisi, na dawa nyingine za lupusi zinakipa nguvu kama hatukukiondoa kwanza. Baada ya hapo, kama swali linabaki, ndipo A.A.N. inaombwa. Ikiwa positif kwa namba kubwa, kuna vipimo vingine vinavyoonyesha ni kitu gani cha kiini kinachoshikwa. Kinachoshikwa kikiwa D.N.A., tunafikiri lupusi na kulinda figo.

8. Dawa ziko

Magonjwa haya hayang'olewi kabisa, bali yanatulizwa. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi, kulea watoto, kuona wajukuu.

Kwa lupusi dawa ya msingi ni hidroksiklorokini. Ni ndugu ya klorokini ambayo wazee wetu waliinywa kwa malaria. Inanywewa kila siku, hata unapojisikia vizuri, na hata katika mimba kama daktari amesema. Macho yapimwe kila baada ya muda.

Prednisolone inatuliza walinzi haraka, lakini ni panga lenye makali mbili. Usiinunue sokoni wewe mwenyewe, wala ndugu yake dexamethasone, ambayo wengine wanaimeza ili wanenepe. Ukiisha kuinywa majuma mengi, usiiache ghafula. Mwili unaweza kuzimia na kufa. Na mwenye sklerodamia akipewa prednisolone nyingi, figo zinaweza kuharibika kwa siku chache. Kwa hiyo shinikizo la damu lake lipimwe mara kwa mara.

Kwa vidole vya baridi: vaa soksi na glavu, funika mwili wote, acha sigara kabisa. Daktari anaweza kuongeza dawa ya kufungua mishipa. Mwenye lupusi avae kofia pana na mikono mirefu.

Ukitaka kuombewa, omba. Ila usiache vidonge mlangoni.

9. Kujikinga na vumbi

Hatuwezi kusema tu: «Acheni mawe.» Tunajua kwamba mawe ndiyo unga, ndiyo karo ya shule. Lakini yako mambo yanayowezekana:

— Lowesha jiwe kabla ya kulipiga. Jiwe lenye maji halitoi moshi.
— Usiponde mawe ndani ya nyumba wala karibu na jiko. Pondea mahali penye upepo, nawe ukae upande upepo unakotoka.
— Usifagie kavu. Nyunyiza maji kwanza.
— Kitambaa mdomoni hakizuii vumbi lile dogo. Maski ya kazi inayobana vizuri inazuia zaidi; ikichakaa itupwe.
— Nguo za shimoni zisiingie chumba cha kulala. Nawa kabla ya kumshika mtoto.
— Mifuko ya mawe isiwe kitanda wala kiti cha watoto. Watoto wakae mbali na kupondwa kwa mawe.
— Mwambie daktari kazi yako na miaka yako ya vumbi, hata kama uliiacha zamani. Asipouliza, sema wewe.

10. Mwisho wa habari ya mama

Tulimpima mama yule. SIDA hakuna. Kifua kikuu hakuna. Mkojo safi, shinikizo zuri. Lakini vidole, pumzi na ile 1/640 vilisema pamoja: sklerodamia inaanza, na mapafu yameguswa. Tulimwita bwana wake, tukamwonyesha karatasi zote, moja moja. Aliuliza mara tatu: «Kweli haiko SIDA?» Halafu akanyamaza, akaomba msamaha mbele yetu.

Siku hizi mama haponde mawe makavu. Anayaosha tu, na miezi ya baridi anamwachia dada yake kazi ya maji. Anakuja kupimwa kila miezi mitatu. Vidole havikurudi kama zamani, lakini havikuzidi. Na bwana wake amenunua pipa la maji la kulowesha mawe.

Kumbuka

— «Positif» si jina la ugonjwa. Uliza: positif ya nini?
— A.A.N. bila dalili si ugonjwa. Dalili bila A.A.N. zinatafutiwa sababu nyingine.
— Hauambukizi, na si bulozi.
— Vumbi la jiwe kavu linaamsha walinzi. Maji yanalilaza.
— Mkojo wenye povu, uso kuvimba: hospitali leo, si kesho.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini mama alificha karatasi? Wewe ungefanya nini kama ungekuwa bwana wake?
2. Katika lupango lenu, vumbi linatoka wapi, na nani analivuta zaidi?
3. Ni nani katika mtaa wenu ana dalili mbili kati ya zile tulizozitaja? Nani atamsindikiza hospitali?